Kufumua

Kofia haifumuliwi kwa hasira.
Ukivuta uzi kwa pupa, kitambaa kinachanika
na hakuna mshono utakaokificha.
Unaanzia fundo la mwisho, chini ya upindo,
unalibembeleza kwa ncha ya sindano
mpaka likukubalie.

Nina miaka arobaini na mmoja, naishi Langoni,
na mwaka huu ndio nimeanza kulitafuta fundo.

Nilikuwa na saba shangazi yangu Zena
alipochana ukambaa kwenye leso kuukuu,
ile ya zambarau,
akanifunga mkono wa kushoto kwenye tendegu la kitanda.
Hakuwa na ubaya. Alinipa na kashata.
"Mkono wa chooni haushoni kofia ya msikitini," alisema,
"utatutia aibu, Barke."
Mkono wa kulia ukashona kama jogoo anavyoparua jaa.
Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka,
maana anayejicheka mapema
huwanyima wenziwe utamu.

Basi nikawa wa kutunga uzi kwenye sindano za wengine.
Wa kufua, wa kutia wanga, wa kupindua bakuli
na kuzivisha kofia zikauke.
Nikiulizwa, hujibu kabla swali halijaisha:
mimi mkono wangu mzito.
Nililisema nikiolewa, nililisema nikiachwa,
nilimwambia hata mwanangu Shee
aliponiletea daftari nimchoree samaki.
Maneno manne. Niliyavaa kama buibui,
sikutoka nje bila yake.

Mwezi wa Rajabu, usiku, taa zimekatika mtaa mzima,
punda wa jirani analia kama kaibiwa,
nikapapasa sindano gizani.
Haikuwa nia, wala ujasiri:
mkono uliokuwa karibu ndio ulioishika.
Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari.
Tobo la kwanza. La pili.
Yakatoka madogo, ya mviringo, kama mato ya dagaa,
yamelalia upande wao, kinyume na ya Lamu nzima.
Nikadhani nimekosea. Nikayafumua.
Nikayashona tena, yakalalia kule kule.

Sitakwambia nilipona.
Asubuhi niliamka na yale maneno manne mdomoni
kama mswaki.
Na Lali Bakari, mwenye duka, alipoigeuza kofia
kutafuta ncha za uzi kwa ndani,
nilikwisha kuanza, "Samahani, mimi mkono wangu..."
Nikaikata hapo. Niliing'ata kama uzi.
"Elfu nne," nikasema.
Akatoa elfu mbili na nusu.
Nikairudisha kikapuni, nikashika njia ya Usita wa Mui,
magoti yakinicheza, nusu yangu ikitaka kurudi
kumwomba radhi kwa kumpotezea wakati.
Sikurudi. Nilinunua mkate wa mofa, nikala nikitembea,
jambo ambalo pia nilikatazwa.

Shangazi siku hizi haoni. Namlisha uji.
Jioni hiyo vidole vyake viliipata kofia pajani mwangu,
vikatembea juu yake polepole, tobo hadi tobo,
vidole vilivyoshonea mabwana harusi wa miji mitatu.
"Hini kashona nani?"
"Mimi."
Vikasita. Vikarudi nyuma, vikaenda tena.
"Kwa mkono upi?"
Kijiko kilikuwa njiani, kimejaa,
mkono wa kushoto umekishika bila kutikisika.
"Wangu," nikasema.

Akameza. Akanyamaza muda mrefu,
kisha akasema uji hauna sukari.

Nikaongeza sukari.
Kofia hakuirudisha.